Mama Zamu na Wimbo wa Waosha Vyombo

Mama Zamu anastaafu tarehe thelathini na moja mwezi huu, baada ya kuitumikia kambi yetu ya muziki ya vijana wa Kilutheri kwa miaka ishirini na tisa. Kamati iliniomba mimi, mwalimu wa tarumbeta, niandike wasifu mfupi, wa kuchangamsha, usio na ubishi. Ufupi nitajitahidi. Uchangamfu utakuja wenyewe, maana huyu mama haelezeki bila kicheko. Hilo la tatu nimelikataa tangu mwanzo, na ni vizuri lijulikane mapema.

Alikuja hapa kama mwalimu wa fidla, na cheti chake, na begi la nguo za siku za kambi tu. Siku ileile mlezi wa mabweni akaugua, na mkuu wa kambi akamwomba mwalimu mgeni ashike nafasi hiyo kwa muda, mpaka apatikane mtu. Huyo mtu bado anatafutwa. Tangu hapo, kila likizo ndefu, amefundisha fidla asubuhi, na muda uliobaki ameendesha mabweni, jiko na ufuaji. Jina la Mama Zamu alipewa na watoto kwa sababu akiwepo yeye hakuna anayekwepa zamu. Mchungaji aliwahi kujaribu. Alikutwa nyuma ya kanisa akisoma gazeti, akarudishwa kwenye ufagio wake kwa heshima zote.

Kwa wageni ambao hawajawahi kulala hapa, siku ya kambi huenda hivi. Tarumbeta yangu inawaamsha watoto, nao wananichukia mpaka wanywe chai. Foleni ya bafu haisogei kwa sababu wasichana wa soprano, wale wa sauti ya juu, hawatoki humo. Wanapenda jinsi sauti zao zinavyovuma kwenye vigae. Baada ya ibada ya asubuhi kila chombo kinatafuta kona yake: fidla ukumbini, filimbi barazani, tuba, lile baragumu kubwa la sauti nzito, nyuma ya chumba cha kufulia, ambako wafuaji walishazoea. Mchana kuna saa ya kimya. Wanafunzi wangu waligundua kwamba ukiijaza tarumbeta soksi unaweza kuipuliza kitandani bila kusikika. Mama Zamu hakusikia kitu, ila aliona kwenye kamba ya nguo soksi za mguu mmoja mmoja, akaja moja kwa moja bwenini kwetu na kunyoosha mkono.

Msimu mmoja kipande cha kupulizia cha tarumbeta kilitumbukia kwenye sufuria la supu. Mama Zamu alikataa supu kumwagwa. Watu walikula kwa uangalifu kuliko siku zote, na kipande kikaonekana kwenye bakuli la mkuu wa kambi, aliyedhani ni mfupa. Kilioshwa, na kinapulizwa hadi leo.

Mumewe ni fundi wa vinanda, mtu mpole mwenye mkoba wa bisibisi, na kila likizo amekuja naye kutengeneza vile ambavyo watoto wamevishinda. Husema yeye ni mume wa pili, mume mkubwa ni kambi. Binti yao alijifunza kutembea kwa kushika mabenchi ya ukumbi wa chakula. Leo ni muuguzi anayewaamrisha wagonjwa, na bado akija kututembelea anaulizwa na mama yake kama amenawa mikono.

Kama angefanya hayo tu, tungemuaga kwa keki na makofi, tukaenda zetu. Lakini kuna jambo la wimbo wa jioni.

Hapa kwetu wimbo wa kufunga siku hauanzishwi na kinanda, wala na mwenye sauti nzuri. Unaanzishwa na mmoja wa waliokuwa zamu ya vyombo siku hiyo. Anasimama mbele, mikono bado imekunjamana kwa maji, anatoa sauti yoyote iliyomjia, na kambi nzima inamfuata hapohapo alipo. Akianza juu, tunapanda naye. Akianza chini, tunashuka naye, hata kama soprano watabaki wanahema tu. Ni marufuku kumsahihisha na ni marufuku kumcheka. Desturi hii aliianzisha Mama Zamu jioni moja umeme ulipokatika na kinanda kikanyamaza. Mwalimu wa kwaya alikuwa akizungusha macho kutafuta mwimbaji hodari. Mama Zamu akamshika bega msichana aliyekuwa akitoka jikoni na beseni, akamsogeza mbele. "Aliyetuoshea sahani anatosha kutuanzishia wimbo," alisema. Umeme ulirudi kesho yake. Desturi ikabaki.

Nimewaona watoto walioingia geti hili wakiwa hawathubutu hata kuitikia majina yao, wakaanzisha wimbo mbele ya watu mia mbili na wasife. Mimi nafundisha muziki kwa riziki yangu, na sijaona somo linalofanya kazi kama hilo.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya kufunga kambi, zamu iliangukia kwa binti wa fundi cherehani mmoja. Binti huyu anapuliza tuba vizuri sana, lakini sauti yake ya kuimba ni nzito na ina mikwaruzo, naye anajua. Wageni walikuwa wengi, askofu akiwa kiti cha mbele. Katibu wa kamati akamvuta Mama Zamu pembeni, akamnong'oneza kwamba leo basi, kwa heshima ya wageni, aanzishe yule mwimbaji hodari wa kambi. Mama Zamu akasema hakuna shida, mwimbaji aende jikoni aoshe vyombo kwanza. Mwimbaji alikuwa tayari, masikini, alishakunja mikono ya shati. Tatizo ni kwamba vyombo vilikuwa vimeisha.

Binti akaanza. Alianza chini mno, tukazama naye wote. Kwenye ubeti wa pili akaingiwa na hofu, akarukia juu kabisa, nasi tukamfuata, na sauti ya askofu ikakatika katikati ya neno. Askofu akavua miwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaendelea kuimba kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Wazazi wakasimama. Sijawahi kusikia wimbo ule ukiimbwa vibaya namna ile, na sijawahi kuupenda namna ile.

Mwenyekiti wa kamati hakucheka. Mwenyekiti wetu si mtu mbaya. Ametutafutia paa jipya la bweni na anapenda kwaya yenye nidhamu. Lakini alisema kambi imeaibishwa, na katika kikao kilichofuata likapitishwa jambo: watoto watapimwa sauti wakifika, watakaofaa wataingia kwaya, wasiofaa wataitwa kundi la wasikilizaji. Na wimbo wa jioni utaanzishwa na kinanda. Mama Zamu aliwauliza swali moja, kwamba hao wasikilizaji watakuwa wamelipiwa na wazazi wao waje kufanya nini. Alipoambiwa kura zimepita, alisema yeye hakupiga kura ya kunyamazisha mtoto na hatatekeleza. Wakajua hawamwezi. Wakaamua kungoja astaafu.

Habari zikafika kwa fundi cherehani. Akaja mpaka chumba cha kufulia, akasimama katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akauliza kwa upole kama bado inafaa kumleta binti yake, maana mtoto mwenyewe amesema hataki kwenda kukaa na wasikilizaji. Mama Zamu alijibu neno moja: "Mlete." Amemleta misimu yote miwili iliyofuata, na msimu huu pia. Yuko pale safu ya nyuma, na tuba yake. Mwezi huu ukiisha, aliyetoa ahadi ile hatakuwa na cheo hapa, na sisi tuliobaki ndio tutakaoonekana kama tuna mdomo au hatuna.

Mpaka hapa niliandika wiki iliyopita. Haya yanayofuata nimeyaongeza leo kwa kalamu, nikitoka jikoni, kabla ya kusimama mbele yenu.

Ratiba mliyopewa mlangoni inasema wimbo wa kufunga utaanzishwa na kinanda. Mpiga kinanda amekifunga, na ufunguo amempa mke wake, aliyekwisha kuondoka kwenda nyumbani. Pia leo watoto hawakuosha vyombo. Tumeosha sisi walimu, wote, na mchungaji, na yule askofu, sasa mstaafu, aliyekuja mapema na kukunja mikono ya kanzu bila kuombwa. Mwenyekiti wetu naye alipita jikoni kutafuta chai. Akakuta vikombe vimelowa, na kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri, akachukua kitambaa akapangusa vyote, akipiga soga na Mama Zamu kuhusu paa. Hakuna aliyemlazimisha. Huenda alikuwa hajui kwamba kwa sheria za jikoni hili, anayepangusa naye yuko zamu.

Mama Zamu, asante kwa kutulea sisi na watoto wa watu. Kapumzike, ulale mpaka jua lipande, mumeo apate kujua ladha ya kuwa mume mkubwa. Tunakuombea afya, vicheko na miaka mingi ya kutoshika ufagio usioutaka. Kuhusu ahadi yako kwa fundi cherehani, tumeichukua sisi. Mwakani hapatapimwa mtu getini. Atakayetaka kumpima mtoto yeyote atatupima sisi kwanza, mmoja mmoja, na nawaonya kwamba kwa kuimba mimi ni mbaya sana.

Sasa tusimame. Mwenyekiti, najua umewahi kusema wewe si mwimbaji. Njoo hapa mbele hivyohivyo. Ukianza juu tutapanda nawe, ukianza chini tutashuka nawe, na humu ndani hakuna atakayekucheka, kwa sababu huyu mama ametukataza. Anza, mzee wetu. Tuko nyuma yako.