Mama Régine Ayikoru, Aliyesimamisha Watoto Sokoni

Ndugu waombolezaji, Mama Régine Ayikoru alizaliwa tarehe 4 Mei 1941 karibu na Ariwara, upande wa Kongo, mtoto wa tatu wa mzee Ondoga, mkulima. Anayewasomea haya ni Sule, aliyelelewa na marehemu tangu akiwa na miaka mitatu. Kwa heshima ya wasifu, Sule atajitaja humu kama anavyotajwa mtu mwingine.

Mama alisoma kwa masista wa Ariwara hadi darasa la tano, mwaka 1954. Masista walimpenda kwa mkono wake wa sindano na kumwadhibu kwa mdomo wake. Alipoacha shule walimwachia kazi ya kushona sare, na cherehani ikawa riziki yake. Kila kaptula aliyoshona, hata ya mtoto anayetambaa, aliitia mfuko upande wa kulia. Wateja wakimwambia anapoteza kitambaa, alijibu, "Mutoto bila mufuko ataweka wapi vitu yake?"

Aliolewa mwaka 1960 na Bwana Igga, mchuuzi wa samaki wakavu. Hawakujaliwa mtoto. Mwaka 1971 Bwana Igga alikwenda Aba kununua samaki, akaoa huko huko, asirudi. Mama hakumsema vibaya, ila tangu siku hiyo hakula tena samaki mkavu.

Vita vya 1979 na vile vya mwaka uliofuata viliwamwaga watu wa Koboko na Arua ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo. Watoto waliopotezana na wazazi njiani waliletwa parokiani Ariwara, na Mama aliwapokea katika chumba cha nyuma. Mmoja wao alikuwa mvulana mwenye kovu juu ya jicho, aliyekaa mwaka mzima bila kutamka neno. Alipozidiwa na homa, Mama aliogopa atakufa bila ubatizo, akamwita padri. Mvulana akabatizwa Théodore, akapona.

Mwaka 1981 alifika mlangoni mtu mmoja aliyechakaa kwa safari, Kamisi, Mwislamu wa Ludara, karibu na Koboko. Alikuwa akizunguka kambi hadi kambi. Aliuliza kama kuna mtoto anaitwa Sule. Mama alijibu kwa moyo safi, "Hapa Sule hakuna, baba. Iko Théodore, iko Santina, iko Kasimiro." Kamisi alishukuru, akaomba maji, akanywa, akaenda zake. Mwanawe alikuwa chumba cha nyuma, anakula uji.

Wakimbizi waliporudi makwao, watoto wasio na mtu hawakuwa na pa kurudi. Basi mwezi Machi 1987 Mama Régine, kaka yake Emile aliye seremala, na Margarita wa kwaya ya parokia walijitolea kuwavusha na kuwafungulia nyumba nchini mwao. Nchi hiyo kwao watatu ilikuwa ugenini. Walipewa ghala la tumbaku lililotelekezwa Ludara. Emile aliziba paa na kutengeneza vitanda, na watoto wengine wasiojulikana kwao wakaendelea kuletwa. Shuka zilinuka tumbaku miaka yote, na majirani walinong'ona kwamba Wakongo hawa wana yao.

Mwaka 1988 Mama alikwenda soko la Ludara kununua muhogo, akiwa na Théodore. Mzee mmoja, Lukumani, alimshika mvulana kidevu, akatazama lile kovu, kisha akaketi chini palepale. Alikuwa mdogo wake Kamisi. Kamisi mwenyewe alikuwa amefia Yei, Sudani, mwaka 1984, bado akitafuta.

"Mama," Lukumani alisema, "ndugu yangu alifika kwa mulango yako. Alitueleza. Wewe ulisema mutoto hakuna."

"Aliniuliza jina, nikamujibu jina," Mama alisema. "Singejua. Lakini ningeweza kutoa watoto nje awaone. Sikuwatoa."

Hakuna aliyemwona akicheka kama zamani baada ya siku ile. Sule alirudishiwa jina lake, akakaa kwa baba yake mdogo kiangazi kimoja, kisha akarudi kwa Mama kwa hiari yake, maana alikuwa hajui tena lugha ya kwao. Kila sikukuu ya Idi Mama alimpelekea Lukumani sukari na kumwomba msamaha. Jibu lilikuwa lile lile: "Sukari nimekula, Mama. Kamisi hakukula."

Tangu hapo, kila siku ya soko, Mama aliwaosha watoto, akawasimamisha karibu na wauza samaki wakavu, penye watu wengi, yeye ambaye hata harufu ya samaki hao hakuipenda, na kuita kwa sauti: "Angalieni sura! Majina tuliwapa sisi!" Watu walimcheka. Wengine walisema anauza watoto. Lakini shangazi mmoja alimtambua Santina, na Kasimiro alipata babu. Wengi walirudi ghalani jioni kama walivyokwenda.

Mwezi Julai 1996 watu wenye silaha walichoma ghala. Watoto walikimbilia kila upande. Mama alikimbizwa Arua, akapata chumba mtaa wa Awindiri, na kila asubuhi, miguu ikiwa imevimba, alikwenda stendi kutazama nyuso za wanaoshuka kutoka Koboko. Daktari alisema ni moyo. Aliambiwa apumzike, akajibu, "Mimi sipumziki mupaka wale watoto waonekane." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Februari 1997, uso wake ukiwa umeelekea mlangoni.

Tunamzika hapa Awindiri kwa sababu ng'ambo kuna vita na barabara ya Ludara haipitiki kwa jeneza. Si alipotaka, wala si kwao. Mzee Lukumani amekuja, ameketi pale nyuma. Kama amesamehe au la, sisi hatutamsemea.

Marehemu ameacha kaka yake Emile, rafiki yake Margarita, Santina, Kasimiro, na Sule. Ameacha pia watoto ambao hatujui waliko tangu Julai. Majina yao hayatasomwa, kwa kuwa ni yetu sisi. Ameacha msichana wa miaka kama kumi na miwili, ana mwanya juu, hutumia mkono wa kushoto, hucheka kabla ya kujibu. Ameacha ndugu wawili wanaofanana sana, mdogo sikio lake limekatika ncha. Ameacha mvulana mweusi sana, shingoni ana alama ya kuungua na uji, hutembea vidole vikiangalia ndani. Nguo zao zina mfuko upande wa kulia, ingawa sasa zitakuwa zimewabana.

Kabla hatujarudisha udongo, tunaomba kila aliyetoka Koboko azifikirie sura hizo, na anayejua asogee mbele. Tutangoja kidogo.

Mama alikataa kupumzika. Mungu amlazimishe.