Njaa Haina Wizara: Tunamuaga Shangazi wa Kamati ya Chakula

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mratibu wa Kamati ya Usalama wa Chakula anastaafu. Barua za ofisi humwita Mratibu. Sisi, kuanzia madereva hadi makatibu wakuu, tunamwita Shangazi.

Alianza kama karani wa ghala la nafaka, akapanda ngazi hadi kukabidhiwa kazi iliyokwepwa na wengi: kuzikalisha wizara tano meza moja. Kilimo walitazama mavuno, Biashara bei, Ujenzi barabara, Afya watoto, na Fedha walikuna vichwa. Kila mmoja alivutia kamba kwake. Dawa ya Shangazi ilikuwa moja: chai haiingii mpaka uamuzi upatikane, hata uwe mdogo. Vikao vilifupika ajabu.

Mwaka wa ukame ndio uliotuonyesha yeye ni nani. Serikali ilikuwa imezuia mahindi kutoka wilaya moja kwenda nyingine, ili waliovuna wasije wakaishiwa. Nia ilikuwa njema, lakini magunia yaliota ukungu kusini huku watoto wakidhoofika kaskazini. Shangazi alikihamishia kikao hospitali ya kaskazini, wodi ya watoto. Wakubwa wakabanana kwenye mabenchi pamoja na akina mama. Mama mmoja, aliyempakata bintiye, akauliza mahindi yatafika lini. Wakubwa wakaanza kutupiana swali, Kilimo kwa Ujenzi, Ujenzi kwa Fedha. Shangazi akasema taratibu, "Njaa haina wizara. Tumjibu huyu mama pamoja."

Zuio liliondolewa wiki ile ile, barabara ikazibwa mashimo, malori yakapita. Bei ilipopanda kusini, lawama zote zilimwangukia yeye. Hakujificha. Alikwenda sokoni huko, akameza maneno makali kutwa nzima, kisha akarudi kuitetea hoja ya kufungua akiba ya taifa ya nafaka. Fedha walinung'unika, wakakubali, bei ikatulia. Na yule binti wa wodini alitoka hospitali akitembea kwa miguu yake.

Mumewe, fundi cherehani, na wanawe, ahsanteni kwa kutuazima mtu wenu muda wote huu. Tunamrudisha akiwa mzima, ila sauti imekwaruzika kidogo kwa vikao.

Shangazi, umetufundisha kugombana bila kumsahau mwenye njaa. Tunakushukuru kwa moyo wote. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa na simu ya waziri, na wajukuu watakaokuchosha kwa raha.