Leodegar Ndunguru Azikwe Bila Mlio wa Bunduki

Baba Padri, ndugu, majirani wa Ilala na wafanyabiashara wa Kariakoo, anayesoma ni mimi Theopista, dada yake mkubwa. Vijana walitaka kuniandikia maneno haya, nikakataa. Nimeyaandika mwenyewe, wao wameyapiga chapa tu.

Marehemu Leodegar Gaudens Ndunguru alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1957 huko Litembo, Mbinga, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Gaudens Ndunguru na Mama Hyasinta Kapinga. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Leodegar, kwa hiyo padri hakuhangaika kutafuta jina. Baba yetu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe pori shambani. Leodegar akiona tu gobore linainuliwa, anaziba masikio. Baba akamcheka, "Sasa wewe unaziba nini? Anayepigwa ni nguruwe." Mtoto akajibu, "Na nguruwe naye ana masikio, baba." Nyumba nzima ilicheka mpaka mama akamwaga uji.

Alisoma Shule ya Msingi Litembo kuanzia mwaka 1966 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1972. Mimi niliishia la pili ili yeye aendelee, na wala sijuti. Alikuwa mzuri wa hesabu ila mbishi kwa walimu. Alikuwa haridhiki na jibu mpaka ameuliza swali lake, hata kama kiboko kiko mezani.

Mwaka 1976 alinifuata Dar es Salaam, tukaishi chumba kimoja Mchikichini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa uchukuzi pale Kariakoo. Nawaomba mliotoka mbali mnisikilize hapa, maana ndipo penye habari yote. Mchukuzi wa Kariakoo hatembei na mzigo, anakimbia. Ukishapanda kichwani, akisimama unamlemea. Mwenye mzigo ndiye anayetakiwa kumfuata mbio, na akiachwa atamkuta kituo cha mabasi amekaa juu ya mzigo anamsubiri. Leodegar alifanya kazi hiyo miaka mingi, na shingo yake ilibaki nene hivyo hadi uzeeni. Baadaye alitembeza kufuli na vitasa mkononi, na mwaka 1988 akafungua duka la kufuli Mtaa wa Sikukuu.

Tarehe 20 Julai 1985 alifunga ndoa na Eufrasia katika Kanisa la Msimbazi. Mungu aliwajalia watoto watatu, Pius, Beno na Hyasinta. Eufrasia ni mwanamke mpole, na mimi si mpole, lakini hatujawahi kugombana kwa ajili ya huyu mtu ila mara moja tu, siku alipoleta bastola nyumbani.

Ilikuwa mwaka 2010. Mwaka mmoja kabla, majambazi waliingia dukani mchana kweupe, wakampiga kwa kitako cha bunduki mpaka akazimia. Alipopona aliomba kibali. Alianzia serikali ya mtaa, akaenda kamati, akaenda polisi, akahojiwa mpaka akapewa. Nikamwambia, "Leo, mtu anayeuza kufuli ananunua bastola ya nini? Bidhaa yako mwenyewe huiamini?" Akasema, "Dada, waliponipiga kufuli lilikuwa mfukoni mwangu." Eufrasia alitaka ibaki, mimi nikataka iondoke. Ikabaki.

Jirani yake Seifu, muuza vitambaa, ndiye aliyemwingiza kwenye ule Umoja wa taifa wa wenye silaha za leseni. Baada ya uhakiki mmoja wa silaha, bastola yake ilichukuliwa ikakaa polisi, na kila akienda kuiulizia anaambiwa aje kesho. Mwanasheria wa Umoja alikwenda naye, akaongea, ikarudi. Leodegar hakusahau wema huo. Kofia yao aliivaa hata sokoni.

Kisha ikaja Alhamisi ya tarehe 14 Desemba 2017. Mama mmoja mgeni wa mjini alinunua robota la vitenge, akampa mchukuzi aitwaye Safari. Safari akakimbia kama wanavyokimbia wote. Yule mama akabanwa na umati wa watu wa sikukuu, akaachwa nyuma, akamwona anapotea, akapiga kelele za mwizi. Mnajua Kariakoo neno hilo likitoka. Leodegar alitoka dukani na bastola, akapiga. Risasi ikamwingia Safari gotini. Yule mama alipofika anahema, ndiye aliyesema, "Jamani, huyu ni mchukuzi wangu."

Siandiki haya kumvua nguo ndugu yangu mbele ya kaburi. Nayaandika kwa sababu yeye mwenyewe hakuyaficha hata siku moja. Alisema, "Dada, mimi niliyekimbia na mizigo ya watu, ndiye nimesahau mchukuzi anakimbia."

Aliwekwa ndani. Umoja wakaja na mwanasheria, wakahangaika, akatoka, na kesi ikaisha. Kwa hilo, hapa mbele ya wote, nawashukuru. Lakini katika mkutano wao wa mwaka walimsimamisha mbele, wakamwita raia shujaa, ukumbi ukapiga makofi. Akaomba kusema. Akasema, "Niliyempiga si mwizi. Haya makofi ni ya nini?" Kiongozi mmoja akamwambia, "Mzee, usiwape maneno wanaotaka kutunyang'anya silaha." Akaomba basi Umoja umsaidie Safari matibabu. Wakamjibu kwamba wakimsaidia watakuwa wamekiri kosa.

Alirudi amekunja uso. Kesho yake kwenye benchi la kahawa nje ya duka, Seifu akamvaa. "Wewe Leo huna shukrani! Chama kimekutoa ndani, wewe unakiaibisha ukumbini?"

"Sijakiaibisha. Nimeuliza."

"Basi toka. Rudisha kofia."

"Sitoki. Nikitoka mimi, nani atauliza?"

"Na majambazi wakirudi?"

"Ndiyo maana bastola sijaiuza, Seifu. Kunywa kahawa yako, inapoa."

Hivyo ndivyo alivyoishi tangu hapo. Leseni alilipia, mkutanoni alikwenda, akanyoosha mkono kila mara, na mara nyingi hawakumpa nafasi. Wako waliomwona msaliti. Wako waliomfuata nje baada ya mkutano wakamshika mkono kimyakimya, na Seifu, pamoja na kelele zake, alikuwa mmoja wao. Bastola ilikaa ndani ya sefu, hakuivaa tena. Safari, ambaye goti lake halikukunjika tena, Leodegar alimweka dukani, akamfundisha kuchonga funguo. Mwanzo walikaa kutwa nzima bila kusemeshana. Siku moja nimekwenda pale nikamkuta Safari anamfokea, "Mzee, huu ufunguo umeuharibu wewe, usinisingizie!" Na Leodegar anacheka. Nikajua wameshapatana.

Mwaka 2023 alianza kuumwa sukari, ikagusa figo, akawa wa kwenda kusafishwa damu. Waliompeleka na kumrudisha kwa magari yao, kwa zamu, ni wanachama wa Umoja. Sina mdomo wa kuwatukana. Alifariki Jumapili tarehe 9 Machi 2025 alfajiri, Eufrasia akiwa amemshika mkono.

Juzi kiongozi wao, Bwana Eliasi, alikuja msibani na wenzake. "Shikamoo mama." Nikamwitikia marahaba, nikampa kiti. Akasema wanataka kumuaga mwenzao kwa heshima ya Umoja, wapige risasi hewani kaburini, na kwenye wasifu aandikwe mtetezi wa haki ya kumiliki silaha. Kibali cha kupiga wangekishughulikia wao.

Pius akafurahi. "Shangazi, ni heshima kubwa kwa baba."

Nikamuuliza Bwana Eliasi, "Safari ndiye atakayeshika jeneza upande wa miguu. Mkipiga, yeye asimame wapi?"

Mmoja wao akasema, "Mama, si tunapiga juu hewani? Hatadhurika."

Nikamwambia, "Kwani nimesema atadhurika? Ana masikio."

Seifu alikuwa amekaa mkekani, akasema, "Dada kashasema. Tusibishane naye, hata marehemu alimshindwa."

Marehemu hakuacha neno juu ya jambo hili. Sitamsingizia. Labda angependa, maana alikipenda chama chake kama mtu anavyompenda ndugu mkorofi. Neno ni langu, na lawama ni zangu. Mtetezi sikuandika. Nimeandika aliyoyatenda, yanatosha. Wanachama wa Umoja wamepewa viti vya mbele, na kofia yake iko juu ya jeneza, mmeiona. Wenye silaha viunoni, zikae hukohuko.

Bastola imekabidhiwa kituoni kama sheria inavyotaka. Pius anataka aiombe iwe yake, na Umoja wameahidi kumsaidia. Mimi sitaki. Hilo tutaligombania nyumbani, tukishamaliza matanga.

Marehemu ameacha mjane, Eufrasia, watoto, Pius, Beno na Hyasinta, wajukuu saba, mimi dada yake, na Safari. Aliyepiga chapa aliniuliza Safari aandikwe nani wa marehemu. Nikamwambia andika jina, wenyewe wanajuana.

Leo, mdogo wangu, toa mikono masikioni. Lala kwa amani ya Bwana, hakuna atakayekushtua.