Gunia la Mchele: Maisha ya Szeto Kam-shing, 1951–2017

Ndugu waombolezaji, wazee wetu wa studio, majirani na nyote mlioinama mbele ya picha ya marehemu asubuhi hii, mimi ni Tung Chi-fai, mdogo wake wa kazi, nimekabidhiwa karatasi hii na mjane, Shemeji Poon Lai-ngor, kwa sababu binti yao Wai-yin alijaribu kuisoma jana akashindwa kuvuka mstari wa pili, na kwa kuwa nimeanguka pamoja na marehemu kwenye filamu nyingi kuliko ninavyokumbuka, basi nikiyumba hapa mbele mnivumilie, nimeshazoea.

Marehemu Szeto Kam-shing alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kwenye vibanda vya mlimani Diamond Hill, Kowloon, akiwa mtoto wa mwisho wa fundi wa viti vya mianzi, na mwaka 1959 baba yake alimpeleka kwenye shule ya opera ya Mwalimu Fan, akatia kidole gumba kwenye mkataba wa miaka kumi, akaondoka bila kugeuka nyuma kwa sababu angegeuka angemchukua tena. Huko watoto walisimama kwa mikono ukutani mpaka jasho likawaingia puani, na kwa kuwa marehemu alikuwa na uso wa duara na masikio yaliyotoka nje, Mwalimu alimweka kwenye uchekeshaji, nafasi ambayo wenzake waliikimbia, lakini yeye aliipenda siku alipojua kwamba nyuma ya jukwaa hakuna anayeruhusiwa kujipaka rangi, awe mfalme au jemadari, mpaka mchekeshaji achovye brashi na kujitia weupe puani. Tangu hapo kila lilipotokea jambo la kutisha, awe ameitwa au hakuitwa, alijipenyeza mbele akisema, "Ngojeni, mchekeshaji kwanza."

Alimaliza shule mwaka 1969, wakati majumba ya opera yamebaki na wazee wanaosinzia, akaingia kwenye filamu za kung fu, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kufa, alikufa mara nne katika filamu moja, kila mara na masharubu tofauti, na kwa jinsi alivyoporomoka chini bila kujikinga tukampa jina la Gunia la Mchele, ambalo alilibeba hadi kaburini. Mwaka 1976 alifanywa mpangaji wa mapigano, na hapo ndipo ugomvi wake na waongozaji ulipoanza, maana huyu alitaka damu tupu na yule alitaka vichekesho vitupu, naye alisimama katikati kama mtu anayeamua kesi ya mke na mume. Mmoja alimfokea mbele yetu sote, "Wewe Gunia, watu wanakuja kuona mtu akivunjwa mbavu, sio vituko vyako na benchi!" naye akamjibu kwa upole, "Bosi, mtu mwenye hofu amefunga mdomo, mchekeshe kwanza aufungue, ndipo ngumi iingie mpaka tumboni." Lakini nasi tukizidisha mizaha alitukaripia vilevile, kwamba tukimchekesha mtu mfululizo ngumi inayofuata inakuwa ya mpira, hamwogopi tena yeyote, na ili apime vizuri alikuwa akienda sinema ya mtaani, anakaa safu ya mbele kabisa, analigeuzia pazia la picha mgongo, anawatazama watu midomo.

Tarehe 12 Juni 1979, tukipiga picha kwenye nyumba ya chai iliyojengwa kwa mbao kule Sai Kung, marehemu alitakiwa kuanguka kutoka ghorofani, apasue turubai, atue juu ya meza iliyokatwa miguu kwa msumeno ili ivunjike kirahisi, lakini meza iliyowekwa haikuwa ile iliyokatwa, na mgongo wake ukatua kwenye mbao nzima. Alipiga kelele, "Ayaa! Mgongo wangu! Nisaidieni!" sisi tukacheka, akazidi kupiga kelele, tukazidi kucheka, mwongozaji akamwashiria mpiga picha asizime kamera, na mpaka leo kipande kile kimo ndani ya filamu, na watu wanakicheka, nimewaona.

Alilala hospitali miezi mitatu, na siku aliyorudi kazini, akitembea kwa mkongojo, alitupanga mstari na kutuwekea sheria moja tu, akasema, "Kuanzia leo, anayepiga kelele ni mzima, aliyeumia kweli anyamaze, nikiona mtu yuko chini kimya ninasimamisha kila kitu, hata kama bosi atanifukuza." Sheria hiyo iliokoa watu, nami ni mmojawapo, nilikatika kano ya goti mwaka 1983, nikanyamaza, akaja mbio akanibeba mgongoni, mgongo uleule.

Alifunga ndoa tarehe 8 Novemba 1981 na Poon Lai-ngor, fundi cherehani wa mavazi, aliyekuwa akimshonea sponji ndani ya suruali kabla hawajaanza kusalimiana vizuri, na siku ya harusi, mbele ya wakwe, bwana harusi alibingirika ngazi zote za mgahawa akipiga "Ayaa!" kila ngazi, mama mkwe akazirai, bibi harusi akaendelea kumwaga chai huku akisema, "Mama, amka, mwache, anapiga kelele huyo, mzima." Nyumba yao iliishi kwa sheria hiyo, na binti yao Wai-yin, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1984, alijua kuisoma kabla hajajua kusoma.

Filamu zilipokauka, marehemu alikuwa mlinzi wa jengo la makazi Ngau Tau Kok kuanzia mwaka 1998 hadi 2014, akiwachekesha watoto wa shule kwa kugongana na mlango wa kioo, na mwezi Oktoba 2016 mgongo ulianza kumsumbua, tukadhani ni ile meza ya mwaka 1979, kumbe ilikuwa saratani iliyokwishaingia kwenye uti wa mgongo. Alilazwa hospitali ya Kowloon tarehe 3 Novemba, na kila alasiri shemeji alipofika na chupa ya supu ya mifupa ya nguruwe, marehemu aliyakutanisha macho puani, akatoa ulimi, akapiga "Ayaa!" mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakashika matumbo kwa kicheko, na shemeji akarudi nyumbani amepata nguvu, akimpigia bintiye simu, "Leo kelele zake zimefika mpaka kwenye lifti, baba yako anapona." Daktari aliuliza kama waongeze dawa ya maumivu, marehemu akatikisa kichwa, na shemeji akamjibu kwa niaba yake, "Huyu? Hana maumivu, msikilize tu mwenyewe."

Mwezi Februari muuguzi mmoja alituita pembeni, akatuambia kwamba mzee huyu, mkishaondoka tu, anauma taulo, hatoi hata mguno, na shuka lake linabadilishwa kwa jasho. Shemeji alimuuliza, "Tangu lini?" akajibiwa, "Tangu alipokuja, mama." Niseme wazi kwamba nina hasira na kaka yangu, sheria aliitunga yeye, akaivunja yeye, akawadanganya watu wawili, mkewe na bintiye, waliomwamini kuliko daktari, na aliyafanya hayo kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona mdomo wa mkewe umefungwa kwa hofu.

Dawa iliongezwa siku hiyohiyo, lakini ilikuwa imechelewa, na tarehe 19 Februari 2017, mchana, akiwa kimya siku ya pili, shemeji alimshika masikio yale mawili akamwomba, "Mzee, piga kelele, hata kidogo, nidanganye tena." Marehemu aliyakutanisha macho puani, akatoa ulimi, akafungua mdomo, sauti haikutoka, na kwa uso huohuo akafariki, sisi tukiwa tunaulizana kama tucheke au tulie.

Familia inawashukuru madaktari, ambao hawana kosa, wao waliuliza, sisi ndio tuliojibu, inamshukuru muuguzi aliyesema, majirani wa Ngau Tau Kok waliokesha na wafiwa, walinzi wenzake, na nyinyi watu wa studio mliokuja na magoti yenu mabovu.

Kaka, pumzika, na huko ulikotangulia, mchekeshaji kwanza, tutakufuata. Shemeji ameniomba niongeze jambo moja lisilomo kwenye karatasi, kwamba kama mgongo umeacha kuuma, tupigie "Ayaa!" moja tu, tutaisikia. Sisi huku tumenyamaza wote, na maana yake unaijua.