Ni Presha: Maisha ya Virginia Wamucii Muigai, Kocha wa Afya, 1951–2009

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 18 Agosti 2009, tulikula mayai. Nilitafuta chumvi mezani, haikuwepo. Haijakuwa mezani kwetu tangu mwaka 2003, lakini mkono wangu bado unaitafuta. Virginia akaniambia, "Baba Shiru, kula. Yai halijakukosea." Akameza dawa yake, akafunga viatu vya kutembea, akaenda kazini mtaa wa Jamhuri. Huko alimtembelea Nakhumicha, mke wa Zedekiah seremala. Alikunywa chai, akaanguka.

Wengine wenu mnasema ni ile chai. Ndiyo maana nimekataa wasifu ulioandikwa na kamati ya mazishi. Huu ni wangu mimi mume wake. Binti yetu Shiru ameuandika nilivyosema.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa Kabiria, kifungua mimba wa Mzee Kang'ethe na Mama Nyokabi. Alisoma shule ya misheni iliyokuwa karibu hadi darasa la tano. Mwaka 1963, mama yake alipofariki, aliacha shule, akawalea ndugu zake wadogo wanne. Mmoja wao ni Hezekiah, mwenyekiti wa kamati. Huyo Virginia alimbeba mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikawa inaburutika chini.

Tulifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1971, kanisani Riruta. Mimi nilikuwa fundi wa mawe. Siku ya kwanza kunitembelea, kabla hatujaoana, alifunua sufuria zangu zote, akazifunika tena. Wiki iliyofuata alikuja na sukuma wiki na kisu chake mwenyewe.

Kuanzia mwaka 1988 alikuwa mfagizi kwenye kliniki moja, Adams Arcade. Mwaka 1998 nesi alimpima wakati wa chai, kwa utani tu, akakuta presha iko juu sana. Utani ukaisha. Alianza dawa siku hiyo na hakuziacha. Mwaka 2003 shirika moja la mjini likatafuta watu wa kufundishwa kazi mpya, ya kwenda kwa watu kabla hawajaugua, kukaa nao na kuwasaidia kubadilisha chakula na mwendo kidogo kidogo. Kazi hiyo waliiita kocha wa afya. Kliniki ikampeleka yeye.

Jina hilo lilimletea taabu. Timu yetu ya taifa, Harambee Stars, ikifungwa, vijana wa stendi walimpigia kelele, "Kocha! Umetuangusha tena!" Naye aliwajibu bila kusimama, "Hakuna mmoja wenu anaweza kukimbia mpaka Kawangware. Nitachezesha nani?"

Watu hawakuiamini kazi yenyewe. Hata mimi niliitazama kwa jicho la pembeni. Mtu anakuja bila dawa, bila sindano, anauliza jana mlikula nini. Hapa Kabiria walidhani anauza kitu. Wengine wakasema anatafuta wenye ukimwi.

Nakhumicha naye siku ya kwanza alifungua mlango nusu.

"Umetumwa na mwenye ploti? Unataka kujua tunakula nini ndio aongeze kodi?"

Baadaye akamwonyesha mboga isiyo na mafuta wala chumvi. Virginia akaonja, akacheka. "Dada, hii umepikia polisi. Yenu iko wapi?"

Nakhumicha akatoa sufuria ya pili chini ya meza. Wakawa marafiki kutoka hapo. Presha ya Nakhumicha imeshuka, na hilo anaweza kuwaambia mwenyewe, mkimwuliza.

Mwaka 2006 ofisi za mjini zikaanza kuwaita makocha. Katika kampuni moja wafanyakazi walikaa kimya. Walidhani mkubwa anataka kujua nani mgonjwa amfute. Hawakukosea. Mkubwa alimvuta Virginia kando akamwuliza hilo hilo. Virginia akamwambia, "Kaa kwa kiti nikupime wewe kwanza, halafu nitangaze." Hawakumwita tena.

Siku hizi makocha ni wengi. Virginia mwenyewe alifundisha baadhi yao, na wamo hapa leo. Lakini kuna wengine wana kadi na begi zuri, na ndani ya begi ni unga wa kupunguza mwili. Hao mimi nawaangalia vizuri. Ninyi pia waangalieni.

Siku ile Jamhuri alisema kichwa kinamgonga, kikombe kikamtoka mkononi. Nakhumicha na Zedekiah ndio waliombeba mpaka kwenye gari, wakampeleka hospitali. Daktari alituambia, mimi na Shiru, kwamba mshipa wa kichwani umepasuka, na sababu ni presha. Nilimwuliza mara mbili, maana sipendi kuambiwa kitu mara moja. Akasema kuna presha isiyosikia dawa, hata mtu afanye yote. Virginia aliaga dunia Ijumaa tarehe 21 Agosti, alfajiri.

Jumatatu Hezekiah alinisomea karatasi ya kamati. Imeandikwa "aliugua kwa muda mfupi." Nikamwuliza mbona presha haimo.

"Shemeji, watu watasema kocha amefungwa kwenye uwanja wake mwenyewe."

"Waseme."

"Na ile chai? Dada alitoka hapa akiwa mzima. Mimi simtaji mtu. Tuandike muda mfupi, wenye akili wataelewa."

"Wataelewa nini, Hezekiah?"

Akakunja karatasi.

Hapa kwetu mkisomewa "muda mrefu" mnanong'ona ukimwi. Mkisomewa "muda mfupi" mnanong'ona sumu. Jana kwenye matanga niliwaona mkimpita Nakhumicha bila kumpa mkono. Chai aliyopika ilirudi jikoni, birika limejaa. Nilikunywa mimi, vikombe viwili, na niko hapa. Kwa hivyo imeandikwa presha, na iko kwenye karatasi mliyoshika.

Virginia amemwacha mume wake, Dedan Muigai, watoto wetu Shiru, Mwaura na Debra, wajukuu sita, ndugu zake wanne, na nyumba nyingi ambazo alijua kilichomo kwenye sufuria. Bwana ampokee, na sasa aketi chini, amevua viatu.

Alhamisi mchana, siku moja kabla hajatuacha, ulimi wake ulikuwa mzito lakini maneno yalisikika. Alinishika mkono. Shiru alikuwepo. Alisema hivi:

"Baba Shiru, wataanza kutafuta mtu. Mama yangu alianguka hivi hivi, wakasema ni jirani amemroga. Yule jirani alihama na watoto wake, na sisi tukamrushia mawe mpaka barabarani. Nakhumicha asihame."