Simiti ya Goti la Pima Maji

Pale Mtongwe, mkabala na duka la vifaa vya ujenzi, kuna benchi la Charo muuza kahawa, na benchi hilo halijawahi kushindwa na swali. Alasiri hiyo lilipewa zito. Abubakar, fundi mwashi ambaye watu wamemsahau jina wakamwita Pima Maji, alikuwa amenyoosha mguu, goti limevimba kama mkate wa boflo. Chuma alichowekwa humo mwaka jana kimeingia usaha. Daktari amesema kesho kutwa kitolewe, pawekwe simiti iliyochanganywa na dawa. Akichelewa, mguu utakatwa. Hofu ilikuwa imemshika barabara, naye alitaka mtu mmoja tu amwambie nenda.

— Simiti nimeikoroga miaka thelathini, akasema. Ukuta haushiki bila kumwagiliwa maji siku saba. Goti nani atalimwagilia?

— Si utakunywa madafu! akajibu Mwinyihaji, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki. Maji yatateremka yenyewe.

— Buda, uliza ni simiti gani, akaingilia Jacktone, dereva wa lori anayejiita Injinia. Kuna ya plasta na kuna ya daraja. Wakikuwekea ya plasta, ukipanda ngazi, kwisha!

— Na mchanga je? akasema Redio. Wakichota wa Shelly Beach, una chumvi. Chuma kitaliwa na kutu mwezi mmoja.

— Chuma si kinatolewa? akauliza Pima Maji.

— Ndio ubaya wenyewe! Nguzo bila nondo!

— Tena kanjo, askari wa kaunti, wakisikia umejenga bila ramani, akasema Injinia, wanakuchora X nyekundu ya kubomolewa hapo kwa goti.

Pima Maji akajifuta jasho.

— Na kusujudu? Nitaswali vipi na goti la zege?

— Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Redio akamfariji.

— Haliinami hilo, wewe!

— Basi kiache cha mvunguni.

— Wallahi siendi, akasema Pima Maji. Bora nife na goti langu.

Wote wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo Waridi, bintiye, alipofika mbio kutoka hospitali; kelele zao alizisikia tangu barabarani.

— Nani amewaambia ni simiti ya nyumba? Ni kama uji mzito, watia unga wa dawa. Ikikauka humo gotini, dawa yatoka kidogo kidogo palepale penye usaha. Akipona, awekwa goti jipya.

Akawatazama wote.

— Hospitali yataka watu wawili wa kumtolea damu kesho asubuhi. Nani na nani?

Redio akaanza kukoroga kahawa isiyo na sukari. Injinia akapapasa funguo, akakumbuka lori liko Changamwe. Charo akakusanya vikombe ambavyo watu hawajamaliza. Pima Maji akawangoja, mmoja mmoja. Miaka yote hii wamekaa bega kwa bega! Moyo ukamuuma, kisha akashikwa na kicheko.

— Nipe mkono niinuke, Waridi, twende huko hospitali. Hawa nilikuwa nishawapa mguu wangu, kumbe hata damu hawana.