Kibao cha Usikanyage Nyasi

WIFI: Haloo? Haloo—

MAMA PACHA: Nani mwenzangu?

WIFI: Umefuta namba yangu? Mimi wifi yako.

MAMA PACHA: Aa, wifi. Kioo cha simu kimepasuka, sioni majina. Hujambo?

WIFI: Sijambo. Fundi niliyemtuma na mashine ya kukata nyasi kanipigia. Eti umemzuia getini.

MAMA PACHA: Nimeweka kiti, nimekaa. Njia ya kuingia ni hii hii tu.

WIFI: Wifi, Jumapili watu wanakuja kumkumbuka kaka, mwaka umepita. Watakuta nini? Nyasi zake umezing'oa, umejaza magugu.

MAMA PACHA: Si magugu. Ni yale maua ya njano yanayotambaa kando ya barabara. Ya hapa hapa kwetu. Hayadai maji, hayadai mashine, nyuki wanashi—

WIFI: Unakatika.

MAMA PACHA: Nyuki wanashinda hapa.

WIFI: Kaka alizipenda zile nyasi.

MAMA PACHA: Kuliko watu.

WIFI: Marehemu hasemwi vibaya.

MAMA PACHA: Namsema mume wangu. Alichomeka kibao, "Usikanyage Nyasi". Pacha wangu wamekua wakipita ukingoni, kwenye zege, kama wageni. Mpira ukiingia katikati, basi tena.

WIFI: Alikuwa mtu wa utaratibu tu.

MAMA PACHA: Wewe uliwahi kuzikanyaga?

[Mtandao unakwaruza.]

MAMA PACHA: Wifi?

WIFI: Mara moja. Nilimkalisha mchumba wangu pale, kivulini.

MAMA PACHA: Nilikuwa dirishani. Nilisikia kaka yako alivyomfokea.

WIFI: Tuyaache.

MAMA PACHA: Na yule kijana hakurudi te—

WIFI: Nimesema tuyaache. Fundi amesimama juani, wifi.

MAMA PACHA: Maji ya kunywa nitampa. Bustani simpi.

WIFI: Watu watasema.

MAMA PACHA: Waseme wakiwa wamekaa. Sikukodi kiti hata kimoja. Watakaa chini, juu ya maua. Yanalala, yanainuka. Anayetaka nyasi abaki kwake.

WIFI: Una kichwa kigumu wewe.

MAMA PACHA: Kililainishwa miaka yote hiyo. Sasa kimekauka.

WIFI: Salio linaisha. Mpe fundi simu.

MAMA PACHA: Simpi.

WIFI: Mpe, nimwambie aondoke na mashine yake, arudi kwake.

MAMA PACHA: Asante, wifi.

WIFI: Kile kibao kiko wapi?

MAMA PACHA: Asubuhi nimekichanja kuni, nimechemshia chai.

WIFI: Ungeniachia nikivunje mimi.

MAMA PACHA: Kipande kimebaki. Njoo mapema, na viatu uvulie geti—

[Salio limekwisha.]